Mtaa ukijaa nyumba, skuli ijipange vipi?

Ukitaka kujua skuli ya mtaa wenu itajaa lini, usisubiri siku ya uandikishaji. Tembea. Toka barabara kuu pale Fuoni, Kianga au Chuini, hapa Unguja, ingia ndani kwa miguu, tazama mapagale. Palipokuwa na mihogo mwaka juzi leo pana msingi. Palipokuwa na msingi pana ukuta mpaka kwenye lenta. Na palipokuwa na ukuta mtupu, kanga zimeanikwa dirishani ingawa dirisha lenyewe halijatiwa fremu. Mtu wa kwetu hangoji nyumba imalizike ndipo ahamie. Vyumba viwili vikishaezekwa anaingia na watoto, na Januari anakuja skuli na bahasha ya vyeti vya kuzaliwa.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye kamati ya skuli moja ya msingi huko wilaya za Magharibi, pembeni ya mji wa Zanzibar, na somo hili nililipata asubuhi moja ya kuandikisha darasa la kwanza. Tulitoa meza moja na mwalimu mmoja. Saa moja na nusu foleni ilikuwa imeshalizunguka tangi la maji. Maalim aliyekuwa akiandika alijaza daftari lote, akaomba jengine, halikuwepo, akachana karatasi tupu za daftari la mahudhurio la mwaka uliopita. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mwengine mkononi akasema, "Maalim, na huyu wa mgongoni muandike kabisa, nisije nikakosa nafasi." Watu tukacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kilikwisha, maana wale watoto hawakushuka na mvua. Nyumba zao nilikuwa nikizipita kila siku nikienda sokoni Mwanakwerekwe.

Kwa hiyo haya ni ya wanakamati, masheha (viongozi wa Serikali mtaani), walimu wakuu, na mzazi yeyote aliyechoka kusikia kwamba mwanawe anakaa chini.

Kwanza ujue mzigo uko wapi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 1,303,569. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu wanakuwa maradufu kabla ya miaka 20 kutimia. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka 593,678 ukafika 893,169. Cha kushika ni hiki: Wilaya ya Mjini ilibaki na watu wake laki mbili na ushei, vilevile kama ilivyokuwa miaka kumi nyuma. Kilichofura ni Magharibi A na Magharibi B. Watu wametoka Ng'ambo, mitaa ya zamani ya mjini, wakajenga huko, lakini skuli zao za zamani hazikuhama nao. Ndiyo maana mwalimu wa Mjini na mwalimu wa Magharibi wakikaa baraza moja wakazungumza msongamano, hawazungumzi kitu kimoja.

Hesabu paa, kisha hesabu watoto

Chukua daftari, mtu wa pili, na ruhusa ya sheha. Pitia mtaa wote na uandike nyumba katika mafungu matatu: zilizohamiwa ndani ya miaka miwili, zilizoezekwa lakini bado tupu, na zile ambazo ni msingi au ukuta tu. Fungu la pili ndilo la kuliangalia sana. Bati likishapanda na mita ya umeme ikafungwa, mwenyewe yuko njiani.

Halafu chagua nyumba kama 20 za fungu la kwanza, piga hodi, uliza mambo mawili tu: watoto wa miaka sita mpaka kumi na moja ni wangapi, na wangapi kati yao wanasoma skuli za Serikali. Uliza pia walio chini ya miaka sita, uwaandike pembeni. Hao ni wa maandalizi leo na wa darasa la kwanza kesho kutwa. Usiulize mshahara, usiulize kiwanja kimenunuliwa kwa nani. Ukianza hayo, nyumba ya tatu utakuta mlango umefungwa na taa inawaka.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano. Tuseme katika nyumba 20 umepata watoto 34 wa umri wa msingi, na sita wanasoma skuli za binafsi. Wanabaki 28, yaani mtoto mmoja na nukta nne kwa kila nyumba. Mtaa una nyumba 80 zilizoezekwa zinazongoja wenyewe. 80 mara 1.4 ni watoto 112. Lengo linalotajwa kila mara na Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, kwa hiyo watoto hao wanataka vyumba viwili na nusu, na kwa kuwa nusu chumba hakijengwi, vitatu.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wanafanya hesabu hiihii. Mamlaka za elimu za kule zina kiwango cha watoto kwa kila aina ya nyumba: fleti ya chumba kimoja inahesabiwa kuleta watoto wachache, nyumba ya familia yenye ua inaleta wengi. Na sisi tuzitenganishe nyumba zetu. Nyumba ya kupangisha vyumba inakaliwa na bwana na bibi harusi, watoto wao ni wa kunyonya, utawaona skuli baada ya miaka sita. Nyumba ya mtu aliyehama Michenzani na familia yake inaleta wanne kwa mpigo, wa madarasa tofauti. Na fleti za kifahari kama zile za Fumba? Wengi wananunua kama kitega uchumi au wanapeleka watoto skuli za binafsi, kwa hiyo fleti mia zinaweza zisikuletee hata darasa moja. Usishangilie lakini. Tazama nje ya ukuta wa mradi: mlinzi, fundi, dada wa usafi, muuza chapati. Hao wanapanga vijiji vya jirani, na watoto wao ni wako.

Hesabu nafasi kwa ukweli

Hapa kamati nyingi hujidanganya. Skuli inasema ina vyumba kumi na mbili. Ingia ndani. Kimoja ni ghala la madawati mabovu, kimoja kinavuja na masika hakikaliki, na wakati huohuo darasa la pili wanasoma kwenye baraza ya ofisi na hakuna aliyewahesabu. Andika vyumba vinavyofaa tu. Tuseme ni kumi: nafasi 450 kwa mkondo mmoja, 900 kwa mikondo miwili, yaani watoto wa asubuhi na wa mchana wakipokezana vyumba. Kama walioandikishwa ni 1,150, umeshazidisha kabla ya nyumba mpya hata moja kuhamiwa. Ukiongeza wale 112, kila chumba kina watoto 63 kwa kila mkondo, na kuwarudisha kwenye 45 kunataka vyumba kama vinne zaidi, si vile vitatu tu.

Hesabu na vyoo. Bara wanapima tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nimewahi kusimama kwenye kengele ya mapumziko nikaangalia foleni ya wasichana: kengele ya kurudi darasani ililia nusu yao wakiwa bado wamesimama. Chumba kipya bila choo kipya ni kazi nusu.

Shika ardhi kabla ya kushika matofali

Kama una nguvu za jambo moja tu katika mwongozo huu, ziweke hapa. Fedha za jengo zinaweza kuja mwaka huu au baada ya miaka mitano. Skuli nyingi za ghorofa unazoziona leo zilijengwa kwa fedha ambazo hakuna mtu wa mtaani aliyezitarajia, nyengine zikitoka kwenye mkopo wa UVIKO-19. Fedha ikija inauliza swali moja: eneo lipo? Mtaa wenye eneo unajengewa, usio na eneo unapitwa.

Eneo la Magharibi limekwenda wapi? Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia zikagaiwa eka tatu tatu. Kisheria, kwa Sheria Namba 12 ya 1992, ardhi ni mali ya umma na mwenye eka ana haki ya kuitumia. Mtaani mambo yalikwenda njia nyengine. Mzee alifariki, warithi wakawa tisa, kila mmoja akakata vipande vya futi arubaini kwa sitini, akauza kwa karatasi iliyoandikwa mkono na mashahidi wawili. Hakuna aliyefanya kosa kubwa peke yake, ila eka tatu zilipokwisha, njia ya gari haikubaki, wacha uwanja wa skuli.

Fanyeni hivi. Nendeni Kamisheni ya Ardhi na ofisi ya mipango miji mkaulize kama mtaa wenu una mchoro, na kama katika mchoro kuna kiwanja kilichoandikwa skuli. Mkikuta kipo, nendeni mkakione kwa macho siku hiyohiyo. Kikiwa bado kitupu, ombeni kipimwe na kiwekewe vigingi, na nyinyi pandeni mivinje mipakani. Mti uliopandwa na wanafunzi ni mgumu kuung'oa usiku. Kama mtu ameshaanza msingi ndani yake, pelekeni taarifa kwa maandishi kwa sheha, kwa Baraza la Manispaa na kwa Kamisheni wakati ni msingi. Ukuta ukishafika lenta kila mtu anaanza kumuonea huruma, na paa likipanda kesi imekwisha.

Pasipokuwa na mchoro, kuna mlango ambao hatuugongi vya kutosha: wakfu. Kwetu mtu mwenye uwezo akizeeka anatoa kiwanja cha msikiti au cha chuo cha Qur'ani, na Mwenyezi Mungu amlipe. Ni wachache wanaofikiria kutoa kiwanja cha skuli, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyewaomba. Sisi tulikwenda kwa bibi mmoja mwenye eka ya minazi iliyozeeka. Imamu ndiye aliyeanza maneno, si mwenyekiti wa kamati. "Bibi, mtoto atakayesoma hapo herufi yake ya kwanza, ujira wake unakufikia ulipo." Bibi alinyamaza kitambo, akauliza, "Na minazi yangu mtaikata yote?" Tukamwambia ile ya pembeni itabaki. Akakubali robo ya eka. Mkipata mtu wa namna hiyo msiishie kwenye dua na picha. Pelekeni jambo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana liandikwe, warithi watie saini wakiwa hai na wakiwa na furaha.

Mzungumze na mwenye mradi mapema

Nyumba zikijengwa moja moja, hakuna wa kuzungumza naye. Zikijengwa hamsini pamoja, yuko mtu mwenye jina na ofisi. Mradi mkubwa unapitia tathmini ya athari za mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015, na katika kazi hiyo wananchi wanasikilizwa. Watu wanakwenda mkutanoni wakauliza ajira na vumbi. Ulizeni na hili: watoto wa nyumba hizi watasoma wapi? Swali likishaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, linatakiwa jibu. Mwenye mradi anaweza kuacha kiwanja, kujenga vyumba, au kuchimba kisima cha skuli iliyopo. Lolote atakaloahidi liandikwe pamoja na tarehe, na tarehe iwe kabla ya nyumba kuanza kukaliwa.

Kwengineko jambo hili limetiwa kwenye sheria. California tangu 1986 wilaya za elimu zinaruhusiwa kumtoza mjenzi ada kwa kila futi ya mraba anayojenga. Uingereza, sheria ya mipango miji ya 1990 inaweza kumfanya mjenzi aingie mkataba na serikali ya mtaa kabla ya kupewa kibali, na nafasi za skuli ni sehemu ya mazungumzo. Kaunti ya Montgomery, huko Maryland, ilikwenda mbali zaidi: skuli za eneo zikipita asilimia 120 ya uwezo wake, vibali vya nyumba mpya vilisimamishwa. Mwaka 2020 waliachana na usimamishaji huo wakarudi kwenye malipo, baada ya kuona kwamba watoto wengi waliozidi walikuwa wanatoka kwenye nyumba za zamani, wazee wakiuza na familia changa zikiingia. Ndiyo maana nilisema mpige hodi kwenye nyumba zinazokaliwa, msihesabu mapagale peke yake.

Mikondo miwili, kama haikwepeki

Hakuna anayeipenda, na karibu kila mtu aliyesoma skuli ya Unguja ameipitia. Los Angeles nao walikuwa na yao: watoto waligawanywa mafungu, wakapokezana majengo mwaka mzima bila ya skuli kufungwa, na kalenda moja maarufu ikawapa siku 163 za masomo badala ya 180. Waliiacha baada ya kujenga skuli nyingi mpya. Nalitaja hilo kwa sababu hasara ni ileile kwetu: mkondo unagawa chumba, lakini pia unagawa saa.

Angalieni Ijumaa. Mkondo wa asubuhi unasoma na kwenda zake. Mkondo wa mchana unakutana na sala, na siku inabaki mkia. Mtoto akiwa wa mchana mwaka mzima anapoteza Ijumaa zote za mwaka. Dawa ni kubadilishana, na kubadilishana kila muhula kunatosha. Kila wiki kunawachanganya mama zao na walimu wa vyuo.

Vyuo visisahauliwe. Mtoto wa asubuhi anakwenda chuo alasiri, wa mchana anakwenda asubuhi, na mkibadilisha mkondo bila kumwambia ustadhi mtawakuta watoto wako njiapanda, huku wamechelewa na kule wamekosa. Kabla ya kutangaza ratiba, keti na walimu wa vyuo vya mtaa. Ni mkutano wa nusu saa na unaokoa malalamiko ya muhula mzima. Darasa la kwanza na la pili wawekeni asubuhi kila inapowezekana, maana mtoto wa miaka sita chini ya bati saa nane mchana anasinzia tu. Na wasichana wakubwa wa mchana watoke mapema ya kutosha wafike nyumbani kabla ya magharibi.

Kugawana watoto kati ya skuli

Mara nyengine skuli A ina watoto 90 kwa chumba na skuli B, mwendo wa dakika ishirini, ina 50. Kuhamisha watoto ni jambo la akili, ila ndilo linaloleta kelele kuliko yote. Anzeni na darasa la kwanza linaloingia, msimuhamishe mtoto wa darasa la tano. Ndugu wasitenganishwe. Na tembeeni njia wenyewe, kwa mwendo wa mtoto, saa ya skuli. Kama ndani yake kuna kuvuka barabara kubwa, huo mpaka haufai, hata kama kwenye ramani unapendeza. Daladala si jibu; mtu yeyote aliyemuona konda akiwapita wanafunzi kituoni anajua.

Kujenga

Desturi yetu inajulikana: wananchi wanapandisha ukuta, Serikali inaezeka na kumaliza. Ni desturi nzuri yenye mtego mmoja. Ukuta usiokuwa na mchoro wa Wizara unaweza kukaa miaka ukiota majani kwa sababu vipimo vyake havikubaliki. Chukueni mchoro kwanza. Na kama kiwanja ni kidogo, msitandaze vyumba chini mpaka uwanja wa kuchezea uishe. Wekeni msingi wa kubeba ghorofa japo leo mnaishia chini. Ni ghali zaidi, fundi atawanung'unikia, fanyeni hivyohivyo. Michango iwe ya hiari, kila mfuko wa saruji uandikwe, na daftari libandikwe ukutani lionekane.

Walimu waombeni katika barua ileile ya vyumba.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja, kwa Afisa Elimu wa Wilaya, ipitie kwa mwalimu mkuu na kwa sheha, nakala kwa diwani na mwakilishi wa jimbo. Wacheni utangulizi wa salamu ndefu. Sisi barua yetu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za kulalamika na haikujibiwa. Ya pili ilisema hivi:

"Katika shehia yetu zipo nyumba mpya 80 zilizoezekwa na hazijahamiwa. Kwa hesabu tuliyofanya nyumba kwa nyumba, tunatarajia watoto 112 wa umri wa skuli ya msingi. Skuli ina vyumba 10 vinavyofaa na wanafunzi 1,150. Eneo la kujenga lipo, limepimwa, na hati tumeiambatanisha. Tunaomba vyumba vinne, vyoo na walimu."

Namba nimezibadilisha zifanane na mfano wa juu, lakini umbo la barua ndilo lile, na safari hii simu ilipigwa. Aliyepiga alitaka kuona daftari.

Muda wa kuipeleka nao una maana. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na bajeti inasomwa Baraza la Wawakilishi mwezi wa Mei na Juni. Ukipeleka ombi Aprili unakuta vitabu vimefungwa. Fanyeni hesabu ya nyumba Septemba, barua ifike Oktoba, na mwezi wa Disemba, kabla ya uandikishaji, mzunguke tena mtaa kuangalia mapagale mangapi yametiwa milango.